Luqman Atangazwa Amepotea

Shizuoka, Japani
9 Juni 2025

Twaiba mdogo wangu,

Leo asubuhi karani wa mahakama ya familia ya hapa ameniambia kwamba tangazo kumhusu Luqman limechapishwa katika gazeti rasmi la serikali. Linasema kwamba yeyote anayejua kuwa Luqman yu hai aiarifu mahakama kabla ya tarehe 30 Septemba kumalizika. Asipojitokeza mtu, jaji atatoa amri, na mumeo atahesabiwa kuwa alifariki tarehe 11 Machi 2024, siku aliyokosekana melini.

Assalaam aleikum. Najua salamu hutangulia, lakini miaka thelathini ya kuandika habari imeniharibu mkono. Mimi mzima. Mvua za mwezi huu zimeanza na goti langu limeanza nazo. Idd tulisali katika ukumbi wa kukodi, watu arobaini, wengi wao mabaharia wa Kiindonesia. Natumai yenu ilikuwa ya heri na Mama anatembea.

Sasa la pili, ambalo ni zito kuliko la kwanza. Maombi hayo hayakupelekwa na wenye meli. Yamepelekwa na mwanamke anayeitwa Michiyo, umri wake miaka arobaini na mmoja, mfanyakazi wa kiwanda cha kukausha samaki katika bandari ya Yaizu, karibu na hapa. Sheria ya hapa inamtambua kuwa mke wa Luqman. Walioana Novemba 2020. Nilijua. Leo sitaandika zaidi ya neno hilo.

Nikueleze istilahi yenyewe, maana utaiona katika nakala niliyoitia ndani ya bahasha. Meli ilikuwa ya Wachina, na nahodha aliandika katika ripoti yake herufi mbili: 失踪. Ya kwanza ni kupoteza, ya pili ni unyayo. Michiyo aliichukua ripoti ile hadi mahakamani, na karani akalisoma neno hilo bila mkalimani, kwa kuwa sheria ya Wajapani nayo inaliandika kwa herufi zizo hizo. Hawa hutamka shissoo, wale shizong. Uzito wake ndio unaotofautiana. Uchina, mahakama ikimtangaza mtu hivyo, mali yake huwekewa mwangalizi na mwenyewe bado huhesabiwa yu hai, mpaka itolewe amri nyingine ya kifo. Hapa amri ni hiyo moja. Akishatangazwa, amekufa, na mkewe anaweza kuolewa.

Mwaka jana Mama alisoma hitima, nawe ukakataa kukaa eda, ukasema hujaona maiti. Sikukulaumu. Sasa nataka kujua kama una lolote la kuiambia mahakama. Nitalitafsiri na kulipeleka mwenyewe.

Nduguyo,
Suleiman

*

Kibuyuni
1 Julai 2025

Kaka Suleiman, shikamoo.

Waaleikum salaam. Huku hatujambo. Mama yuko kwake Msambweni na mguu wake. Daktari alimwambia apunguze chumvi, naye akamwambia daktari apunguze maneno. Mwani wa Aprili uliharibiwa na joto, lakini huu wa sasa umeshika vizuri. Nilimsomea Mama mstari wa kwanza wa barua yako akauliza, "Huyu anamwandikia nduguye au anatangaza mpira?" Nikaikunja hapo hapo. Mengine hayajui, nawe usimwambie.

Kwa hiyo ana jina. Michiyo. Nimelitamka shambani peke yangu, maji yakiwa magotini, na halikai mdomoni. Ni mrefu? Ni mnene? Nywele zake zinafika wapi? Anajua kupika wali wa nazi, au alikuwa akimlisha mtoto wa watu samaki mbichi? Mimi simwiti mume wangu kwa jina, kwa adabu tuliyofunzwa. Yeye alikuwa akimwitaje? Usinipe pole, Kaka. Nipe habari, ndiyo kazi yako.

Na hili la mwisho lijibu kwanza. Huko mwanamume mwenye mke haruhusiwi kuoa wa pili, hata mimi wa Kibuyuni nalijua. Basi alipitaje? Nani alimwandikia kwamba hana mke? Baba alikuwa kaburini mwaka 2013, na wewe ndiye uliyeushika mkono wa Luqman ukaniozesha.

Kuhusu mahakama, sina la kusema. Mwache mwanamke wa watu apate karatasi yake. Akitaka Luqman awe amekufa, basi kwake awe amekufa. Usijitie. Na usinipigie simu, siku hizi naizima mara kwa mara. Andika.

Mdogo wako,
Twaiba

*

Shizuoka
22 Julai 2025

Twaiba,

Marahaba. Joto limefika nyuzi thelathini na sita na majirani wanazungumza habari hiyo tu. Kazi yangu ya redio imepunguzwa, siku mbili kwa wiki. Zilizobaki natafsiri vyeti vya watu, vya kuzaliwa, vya shule, vya ndoa. Goti ni lile lile.

Uliomba habari. Michiyo ananifika begani. Si mnene. Nywele zake ni fupi, zinaishia juu ya kola, kwa sababu ya kofia ya kiwandani. Wali wa nazi alijaribu kuupika mara moja nikiwapo, kwa nazi ya kopo. Luqman aliula. Michiyo alikuwa akimwita Ruku.

Sababu ya maombi yake hakunificha. Yupo fundi wa majokofu pale kiwandani, mgane, anayetaka kumwoa. Bila amri ya mahakama hawezi kuolewa. Ndiyo maana hakungoja.

Swali lako la cheti nitalijibu wakati wake.

Nina swali langu. Jana Mama alipiga simu. Nakuandikia mazungumzo kama yalivyokuwa.

"Suleiman, nduguyo ana mtu."

"Nani kasema?"

"Vitenge vimesema. Kila Alhamisi anakwenda Lunga Lunga na vitenge kumi. Jumamosi anarudi na vitenge kumi. Biashara gani hiyo, ya kuvitembeza vitenge vikaone mpaka?"

"Labda soko ni baya, Mama."

"Soko la miezi kumi na sita?"

Twaiba, hukukaa eda, kwa hiyo kwa sheria yetu bado u mke wa mtu. Ungeolewa upya, walii wako ni mimi, na sikuulizwa. Kama hukuolewa, jina la jambo hilo unalijua na sitaliandika. Nani yuko Lunga Lunga?

Suleiman

*

Kibuyuni
12 Agosti 2025

Kaka Suleiman, shikamoo.

Sisi wazima, na Mama mguu wake ni mbovu lakini ulimi unakwenda mbio. Wiki iliyopita tuliuza mwani mkavu, na mnunuzi alipima mara mbili kwa kutotuamini, nasi tukapima mara ya tatu kwa kutomwamini yeye. Mtoto wa jirani amefaulu, anaingia chuo cha ualimu.

Unaniuliza nani yuko Lunga Lunga. Nami nilikuuliza nani aliandika cheti. Wewe umefumba mdomo, na mimi nimefumba. Tuko sawa, isipokuwa mimi ndiye ninayechekwa. Wanawake wenzangu wa mwani wamenipa jina. "Bi Vitenge, umeuza ngapi?" "Bi Vitenge, mteja wako hajambo?" Nafunga kamba zangu na kucheka nao. Yapo mambo ukiyasema yanaharibika, Kaka, na bora jina langu liharibike kuliko hayo.

Sasa huyo fundi wa majokofu. Hukusema umri wake. Ana miaka mingapi? Alianza kuingia nyumba ile lini, kabla ya Machi mwaka jana au baada yake? Akija, baiskeli anaiegesha wapi, mbele au kule nyuma kwenye mitungi ya gesi? Na lile koti jeusi la mvua lililokuwa likining'inia nyuma ya mlango, bado lipo, au yeye ndiye anayelivaa? Nijibu yote hayo, usiache hata moja. Habari za mwanamke zimenishibisha.

Twaiba

*

Shizuoka
30 Agosti 2025

Twaiba,

Salamu nyingi kwako na kwa Mama. Hapa ni dhoruba, treni zimesimama siku mbili, na nimekuwa na muda wa kusoma barua yako ya mwisho mara nne.

Sijakuandikia habari ya koti la mvua. Sijakuandikia habari ya mitungi ya gesi nyuma ya nyumba. Hujafika Yaizu. Mtu anayejua vitu hivyo viwili ni mtu aliyeishi katika nyumba ile.

Nilimpigia Kalama. Utamkumbuka, alikuwa mpiga picha wangu zamani, siku hizi anashughulikia karatasi za malori pale mpakani. Asema yupo mziba pancha anayeitwa Charo, aliyefika Lunga Lunga Machi mwaka jana, siku za mwanzo za Ramadhani. Asema Charo hajui hata salamu ya Kigiriama, jambo la ajabu kwa mtu mwenye jina hilo. Ana kovu la ndoana katika kiganja cha kushoto. Kila Alhamisi hujiwa na mwanamke mwenye vitenge. Kalama alitaka kununua kimoja akaambiwa haviuzwi.

Kovu lile nalijua. Luqman yu hai. Nimelithibitisha kwa watu wawili, Kalama, na wewe bila kutaka. Nilikudhania mabaya katika barua ya Julai. Naliondoa neno hilo, na Mama nitamweleza utakaponiruhusu.

Sasa zamu yangu. Oktoba 2020 Luqman alikuja kwangu na cheti chenye mhuri kinachosema kwamba hajaoa. Sijui alikipataje. Alikiweka mezani akasema, "Shemeji, tafsiri tu kilichoandikwa." Nikatafsiri kilichoandikwa. Hakuna neno nililokosea. Chini yake nikapiga mhuri wangu wa mtafsiri. Nilijua ni uongo kwa sababu harusi yenu niliisimamia mimi. Alinambia ni jambo la karatasi, la kupata ukaazi, na kwamba baada ya mwaka angelivunja. Niliamini kwa kuwa ilinifaa kuamini. Alikuwa mtu pekee wa kwetu niliyekuwa naye hapa, na sikutaka aondoke.

Ikijulikana kwamba yu hai, wataifungua ndoa yenyewe na wataikuta tafsiri yangu. Naweza kunyang'anywa mhuri, na pengine kibali cha kuishi nchini. Nakueleza ili ujue kwamba kunyamaza kwako kunanifaa. Hata hivyo sitanyamaza. Yule mwanamke ataolewa juu ya kifo ambacho najua hakikutokea. Tarehe 29 Septemba nitakwenda mahakamani. Ningependa kwenda na maneno yako kuliko ya Kalama.

Mjibu aliyekutuma kuuliza. Fundi ana miaka hamsini na miwili. Alianza kuja Novemba mwaka jana. Ana gari. Koti halipo.

Suleiman

*

Kibuyuni
11 Septemba 2025

Kaka Suleiman, shikamoo.

Mama hajambo. Mwani haujambo. Luqman yu hai, nasema mimi Twaiba, mkewe.

Meli ilitia nanga mbele ya Tanga kungoja maji na mboga. Alishuka na mashua iliyoleta mboga, akakaa katikati ya makasha matupu, na nguo zake akaziacha kitandani melini. Nahodha kuandika kwamba amepotea baharini ilikuwa rahisi kuliko kuandika kwamba amemtoroka. Tarehe tatu ya Ramadhani alinipigia kutoka duka moja la Horohoro, ng'ambo ya mpaka. Akanambia, "Nimechoka kuwa watu wawili." Nikamwuliza wa pili ni nani. Ndipo akanieleza kwamba ana mke Japani, kwa simu ya dukani, watu nyuma yake wakinunua sukari. Jina hakulitaja. Jina nililipata kwako.

Nilitaka kukata simu. Kisha nikafikiri, amemwacha yeye, amenijia mimi. Nikamtafutia chumba Lunga Lunga, ambako hakuna anayemjua. Alipoona habari ya kupotea kwake imefika Msambweni alisema tungoje kwanza itulie. Mama akasoma hitima. Nilikaa ukumbini nikimtazama mama yangu akimlilia mtu niliyempelekea futari juzi yake, na sikufumbua mdomo. Kwa sababu maadamu amekufa kule, hawezi kurudi kule. Ndiyo sababu pekee, usinitafutie nyingine.

Barua yako ya Juni ilinifurahisha mno. Mahakama yenyewe ya kwao imwandike marehemu! Alhamisi hiyo nilimpelekea nikamsomea kama risala ya harusi. Alisikiliza hadi mwisho akasema, "Mwaka mmoja tu? Hakuweza kungoja hata miwili?"

Nikadhani ni mzaha. Ilipokuja ile ya Julai, yenye fundi wa majokofu, nilimsomea tena, nikitaka aone thamani yake kule imeishia wapi. Hakula siku hiyo wala ya pili. Aliletewa gurudumu la lori, akaziba upande usiotoboka. Dereva akamwambia, "Wewe Charo, umerogwa?" Alhamisi iliyofuata akanambia, "Mwulize shemeji mambo haya," akaanza kuyataja. Umri wa mtu yule. Siku aliyoanza kuja. Mitungi ya gesi. Koti. Nami nikaandika. Wivu wa mume wangu kwa mwanamke mwingine niliuandika mimi, kwa kalamu yangu.

Nilimjaribu. Nikamwambia, "Kibuyuni wanasema nina mwanamume."

"Waache waseme."

"Wanasema ni kijana, ana pikipiki."

"Basi akubebee vitenge."

Akacheka, Kaka. Mimi nimevumilia kuitwa majina kwa ajili yake, naye anacheka. Miaka kumi na miwili ya ndoa nilitaka anionee wivu nusu saa tu. Kumbe anao, anao tele, ila ameuweka Yaizu.

Nikinyamaza mpaka mwisho wa mwezi, yule ataolewa na fundi wake na mimi nitapewa huyu, mzima, wa peke yangu, anayelia kwa ajili ya koti. Hicho ndicho nilichokuwa nakipigania tangu mwaka jana. Simtaki. Tena usidhani nimekuwa mtu mwema. Sitaki huyo Michiyo afunguliwe kwa karatasi ya kifo, kirahisi hivyo, huku mimi nikipanda Kwale kusimama mbele ya kadhi. Naye na asimame mbele ya hakimu wake, amdai talaka mtu aliye hai, aone utamu wake.

Ndani ya bahasha kuna maelezo yangu, mistari sita, yenye sahihi. Kuna na picha ya Luqman ameshika gazeti la jana, tarehe inasomeka. Nilidhani nitabishana naye. Alikubali upesi mno. Alichana nywele kwanza.

Jumatatu nilikwenda Kwale nikafungua maombi ya khului, nijikomboe katika ndoa hii. Kitanda cha mahari nitakirudisha, hata hivyo chaga zake zimeoza. Karani aliniuliza walii wangu yuko wapi. Nikamwambia yuko Japani, anatafsiri.

Habari ya cheti nimeisoma.

Barua hii naipeleka posta ya Ukunda mwenyewe, iende kwa njia ya haraka.

Twaiba

*

Shizuoka
30 Septemba 2025

Twaiba,

Bahasha yako ilifika Alhamisi iliyopita. Ijumaa, saa nne na robo asubuhi, niliikabidhi mahakamani pamoja na tafsiri. Karani amesema amri ya kupotea haiwezi kutolewa tena, na kwamba Michiyo atashauriwa ayaondoe maombi yake.

Mimi mzima. Joto limevunjika. Msalimie Mama.

Sikutaka Michiyo alisikie jambo hili kwa barua ya serikali, kwa hiyo siku hiyo hiyo nilikwenda Yaizu. Alitoka wakati wa mapumziko, kofia kichwani. Nilimpa picha.

"Amechana nywele," akasema. Kisha akasema, "Bora angekufa."

Nimemnukuu kama alivyosema. Akauliza nani aliyepiga picha. Nikamwambia ni wewe, kisha nikamweleza wewe ni nani. Hakujua kwamba upo. Luqman hakuwahi kumwambia, nami nilikula wali mezani kwake na sikumwambia. Nikamweleza habari ya cheti na mhuri wangu. Alivua kofia, akaivaa tena, akarudi kazini, maana kengele ilikuwa imelia.

Jioni alinitumia ujumbe. Nautafsiri wote: "Huyo mwanamke amekaa naye mwaka mmoja na nusu, tena kwa siku mbili mbili. Mimi nilikaa naye miaka mitatu na miezi minne. Mwambie."

Sikuona haki ya kukuficha, kwa sababu aliniagiza, na kwa sababu nimeficha vya kutosha.

Cheti nacho nilikieleza mahakamani, na nimepokea barua ya idara ya uhamiaji. Ninatakiwa Alhamisi tarehe 16 Oktoba, saa nane mchana, na mhuri wangu. Sikuajiri wakili. Nitajibu kitakachoulizwa.

Naambatanisha hati moja ya kupelekwa kwa kadhi. Nimeiandika kwa Kiswahili na kuitia sahihi. Inasema kwamba mimi Suleiman, walii wako, nilikuozesha kwa Luqman mwaka 2013 mbele ya mashahidi wawili, na kwamba mwaka 2020 Luqman alinitaka nitafsiri cheti kinachoikana ndoa hiyo, nami nikatafsiri huku nikijua. Isomwe mahakamani kwa sauti ikibidi.

Suleiman

*

Kibuyuni
17 Oktoba 2025

Kaka Suleiman, shikamoo.

Sisi wazima. Mvua za vuli hazijashika. Mama nilimweleza yote Ijumaa iliyopita baada ya sala. Akasema, "Nirudishiwe hitima yangu. Nimemsomea Yasini na goti hili, na yeye anaziba pancha." Tangu siku hiyo kila anayekuja kumjulia hali anasimuliwa, hata daktari. Bi Vitenge sasa sichekwi sana. Wenzangu wa mwani wananitazama tu, na hilo nalichukia kuliko kicheko.

Luqman ameondoka Lunga Lunga. Kalama anasema alipanda gari la Mombasa Jumatatu na begi moja, na pampu ya upepo alimgawia jirani. Ameuliza kwa watu jinsi ya kupata pasipoti mpya. Lakini hati ya wito wa kadhi alikuwa ameshaipokea kwa mkono, na akatia sahihi kwa jina lake mwenyewe, la Luqman. Kama atafika au hatafika, sijui, na karani amesema kesi itasikizwa vyovyote vile.

Ujumbe wa huyo mwanamke nimeupata. Nawe mpelekee wangu, neno kwa neno. Mimi ni mke wa miaka kumi na miwili, na nikitoa safari zake zote za melini na hiyo miaka aliyokaa kwake, inabaki minne na miezi saba. Nimehesabu kwa kalenda. Mitatu na miezi minne haifiki.

Jana ilikuwa siku yako ya uhamiaji. Niliweka simu wazi tangu alfajiri, nayo haikulia. Wamekuuliza nini? Mhuri wamechukua? Piga siku yoyote.

Hati yako nimeipeleka Kwale, imewekwa katika jalada la kesi. Karani aliisoma mara mbili, akaniuliza kama mtu huyu ni ndugu yangu wa tumbo moja. Nikamwambia ndiye. Sijakusamehe, Kaka, na sitaki uniulize lini. Uliniozesha, ukaniandika sijaolewa, sasa umeniandika tena nimeolewa, na yote matatu kwa hati nzuri.

Barua hii utaisoma kesi ikiwa imeshapita. Imepangwa Jumanne tarehe 21 Oktoba, saa tatu asubuhi, mahakama ya kadhi, Kwale. Nimeambiwa niwe pale saa mbili na nusu, na shahidi mmoja. Nakwenda na Mama.

Twaiba